Oili ya Mashine ya Presha: Haidroliki 68, SAE 30, 15W-40 au Namba 40? Ulinganisho kwa Waosha Magari wa Dodoma

Mashine ya presha inayoendeshwa na injini ya petroli ina vyumba viwili vya oili visivyokutana popote: kimoja kiko chini ya injini, kingine kiko ndani ya pampu. Ile inayotumia umeme wa TANESCO ina kimoja tu, cha pampu, kwa kuwa mota yake haihitaji oili. Na baadhi ya mashine ndogo za nyumbani zina pampu zilizofungwa kiwandani ambazo hazikuandaliwa kufunguliwa kabisa. Hakuna fundi asiyelijua hili. Hata hivyo, katika sehemu nyingi za kuoshea magari hapa mjini utakuta kopo moja la oili limenunuliwa, likamiminwa kwenye injini, na kilichobaki kikamaliziwa kwenye pampu.

Chanzo cha zoea hilo ni rahisi kukiona. Injini ya Honda GX160, pamoja na injini nyingi za Kichina zilizoiga umbo lake, huchukua takribani lita 0.58 za oili. Kopo la lita moja likishaijaza, hubaki kiasi kinachokaribia nusu lita, na pampu nyingi zinazofungwa kwenye injini za ukubwa huo hazihitaji hata kiasi hicho. Mwenye mashine anaona hesabu imekaa sawa, na kopo limeisha bila kupoteza. Ninaandika ulinganisho huu kwa sababu naamini kwa dhati kwamba akiba hiyo ni ya uongo: pampu ina kazi yake na maadui wake, na oili iliyo bora kabisa kwa injini yaweza kuwa ndiyo inayoiua polepole.

Kazi ya oili katika kila chumba

Ndani ya injini, oili hukaa jirani na moto. Masizi, asidi na petroli isiyoungua vizuri hupenya kandokando ya ringi za pistoni na kushukia kwenye oili, siku baada ya siku. Kwa sababu hiyo oili za injini hutiwa dawa za kusafisha, ambazo hukamata masizi na kuyafanya yaendelee kuelea badala ya kuganda kwenye chuma. Kwenye gari, sehemu ya uchafu huo unaoelea hunaswa na filta. Injini ndogo za mashine ya presha hazina filta ya oili kwa kawaida, kwa hiyo uchafu hutoka siku ya kumwaga oili tu, na ndiyo maana oili yake weusi wake huja haraka.

Pampu haina moto wala masizi. Adui yake ni maji. Mbele ya plunja, yaani fimbo fupi zinazosukuma maji, kuna maji yanayosukumwa kwa nguvu ya bar 100 na kuendelea, nyuma yake kuna krenki au sahani ya mshazari inayozunguka kwenye oili, na kinachozuia pande hizo zisikutane ni sili za mpira. Sili zikichakaa, maji hupenya. Hata zikiwa nzima, unyevu huingia kupitia tundu la kupumulia na kuganda kuwa matone pampu inapopoa usiku. Tena pampu haina filta. Kwa hiyo jambo jema pekee linaloweza kutokea kwa maji na chembe za chuma zilizoingia humo ni kutulia chini, karibu na nati ya kumwagia, mbali na beringi.

Dawa za kusafisha zilizomo kwenye oili ya injini hufanya kinyume cha hapo. Huyashika maji na kuyachanganya na oili, mchanganyiko ukawa na rangi ya chai ya maziwa, ukazunguka kwenye beringi na konrodi, na kuacha kutu mahali palipopaswa kuwa na utando safi wa oili. Baadhi hutoa povu pia, na povu halilainishi chochote. Hii ndiyo sababu watengenezaji wengi wa pampu huelekeza oili isiyo na dawa ya kusafisha, ambayo kwenye kopo huandikwa "Non-Detergent", au oili ya haidroliki, ambayo imetengenezwa mahususi ili iachane na maji upesi na kuzuia kutu.

Anayetaka kulihakikisha jambo hili kwa macho yake afanye hivi. Siku ya kumwaga oili ya pampu, aikinge kwenye chupa safi ya plastiki inayopenyeza mwanga, aifunge na kuiacha wima usiku kucha mahali isipotikiswa. Iwapo ilikuwa haidroliki na ina maji kidogo, asubuhi ataona mstari: oili juu, maji chini, na vumbi laini la chuma kwenye kitako cha chupa. Iwapo ilikuwa oili ya injini na ina maji kiasi kilekile, kuna uwezekano mkubwa ataikuta ingali na weupe ule ule kutoka juu hadi chini. Jaribio hilo haligharimu kitu, na humwonyesha mtu kile kinachotokea ndani ya pampu kila inapolala.

Namba zinazopotosha dukani

Kabla ya kulinganisha oili moja na nyingine, ni lazima kuondoa kosa moja ambalo nadhani ndilo linalowafanya watu wengi waikimbie oili sahihi. Mteja akifika kwenye duka la spea na kuomba haidroliki 68 kwa ajili ya pampu, muuzaji anaweza kumwambia kwa nia njema kabisa: "Kaka, chukua hii 40, hiyo 68 ni nzito mno, itaitesa pampu yako." Wote wawili wanaweza kukubaliana hapo, na wote wawili wakawa wamekosea.

Namba 68 na namba 40 ni za mizani mbili tofauti. Namba 68 ni ya kipimo cha ISO, na inaeleza mnato wa oili, yaani uzito wake wa kutiririka, inapokuwa na joto la nyuzi 40: wastani wa 68, ikiruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 10. Namba 30 na 40 ni za kipimo cha SAE, ambacho huangalia mnato wa oili ikiwa na joto la nyuzi 100, na ambacho namba yake ni jina la daraja tu, wala si kiasi cha mnato wenyewe. Tukiziweka zote kwenye joto moja la nyuzi 40 ili tuzilinganishe kwa haki, SAE 30 huwa na mnato wa karibu 100, 15W-40 huwa juu kidogo ya hapo, SAE 40 hukaribia 150, na 20W-50 huizidi hata hiyo. Kwa maneno mengine, haidroliki 68 ndiyo nyepesi kuliko zote hizo. Inakaribiana na oili ya injini ya 10W-30. Na mtu akitafuta haidroliki yenye uzito unaolingana na SAE 30, anapaswa kuomba ISO 100.

Namba yenye herufi W nayo ina habari yake. Ile 10W, 15W au 20W inaeleza tabia ya oili kwenye baridi kali, kwa vipimo vinavyofanywa kwenye joto la nyuzi nyingi chini ya sifuri. Dodoma, ambako usiku wa Juni na Julai hushuka hadi nyuzi 13 hivi, na mchana wa Oktoba na Novemba hupanda hadi nyuzi 30 au kuzidi kidogo, namba hiyo ya kwanza haina sababu ya kumpa mtu mawazo. Cha kuangaliwa ni namba ya pili, na zaidi ya hiyo, ni dawa zilizomo ndani.

Kwenye pampu: haidroliki 68 dhidi ya SAE 30 isiyo na dawa

Hizi mbili ndizo zinazostahili kushindanishwa kwa uzito. Nyingine nitazipitia kwa haraka.

Haidroliki 68 ina faida tatu. Kwanza, ina dawa za kuzuia kutu na za kuzuia chuma kusagana, bila dawa za kusafisha zinazoshika maji. Pili, huachana na povu na maji upesi. Tatu, na hili ni la mahali hasa, Dodoma ya leo ina ujenzi mwingi, kuanzia Mji wa Serikali wa Mtumba hadi barabara za pembezoni, na kila penye tingatinga, tipa na ekskaveta pana oili ya haidroliki. Kwa hiyo kuipata si kazi. Tatizo ni kwamba huuzwa zaidi kwenye ndoo ya lita 20, ilhali mwenye pampu moja anataka nusu lita. Wenye mashine za jirani wanaweza kuchanga ndoo moja wakagawana, mradi ndoo ibaki imefungwa vizuri mahali pasipo na vumbi wala mvua. Jambo la kuangalia ni namba: duka linaweza kuwa na 46 na 68 kwa pamoja, na 46 ni nyepesi mno kwa pampu nyingi za aina hii katika joto letu.

SAE 30 isiyo na dawa ina mnato mkubwa zaidi, kwa hiyo utando wake huvumilia joto vizuri zaidi. Hili lina maana kubwa kwa pampu zilizofungwa moja kwa moja kwenye injini ya petroli, ambazo huzunguka kwa kasi ya injini, takribani mizunguko 3,400 kwa dakika, huku zikipokea joto la injini kupitia shafti na chuma kilichoziunganisha. Pampu ya umeme yenye mota nzito ya taratibu, ambayo kwa umeme wetu wa hezi 50 huzunguka karibu mara 1,450 kwa dakika, haipati adha hiyo. Udhaifu wa SAE 30 ya aina hii ni upatikanaji. SAE 30 ya kawaida inayouzwa kwa injini karibu yote ina dawa za kusafisha, na ukisema tu "nipe namba 30" utapewa hiyo. Njia ya uhakika ni kwenda mahali wanapouza vifaa vya kompresa za upepo, zile wanazotumia mafundi pancha na wapaka rangi za magari, kwa sababu oili ya kompresa za pistoni kwa kawaida ni ISO 100 isiyo na dawa za kusafisha, nayo kwa mnato ni sawa na SAE 30.

Hukumu yangu, kwa mwenye mashine ambaye kitabu chake kimepotea na kibandiko kimefutika, ni hii: kwa pampu ya krenki yenye plunja tatu inayoendeshwa na mota ya umeme au kwa mkanda, aweke haidroliki 68; na kwa pampu inayozungushwa moja kwa moja na injini ya petroli na inayofanya kazi juani mchana kutwa, aweke oili ya kompresa ya ISO 100. Akikosa kabisa hiyo ya pili, haidroliki 68 bado ni chaguo la heshima, kwa sharti kwamba aikague mara nyingi zaidi.

Kitabu kikiwepo, kinasikilizwa kuliko mimi. Wapo watengenezaji wanaoelekeza 15W-40 kwa pampu zao, na wapo hata wanaotaka oili nzito ya gia kwa baadhi ya pampu, kwa kuwa wamechagua beringi, sili na nafasi za vyuma kwa kuzingatia oili hiyo. Vilevile zile chupa ndogo zinazouzwa kama "oili ya pampu" na watengenezaji wenyewe hazina ubaya wowote. Ni oili ya aina hizi hizi tunazozijadili, imefungashwa kwa kipimo, na bei yake kwa lita huwa juu. Mashine ikiwa bado ndani ya dhamana, gharama hiyo ina maana. Dhamana ikiisha, sioni sababu ya kuendelea nayo.

Nyingine zinazomiminwa kwenye pampu

15W-40 ya dizeli ndiyo inayokutwa mara nyingi zaidi, kwa sababu iko kila kituo cha mafuta. Kwa pampu isiyoielekeza, itafanya kazi, na kwa muda mrefu mtu hataona tofauti. Tatizo lake ni dawa za kusafisha, ambazo kwenye oili za dizeli ni nyingi kuliko hata kwenye za petroli. Siku maji yanapoanza kupenya, oili hii huyameza na kuyaficha, badala ya kuyatenga na kukupa ishara mapema. Naikubali kama ya dharura, ya kumaliza wiki, wala si ya kudumu.

SAE 40 na 20W-50 zina kasoro hiyo hiyo, zikiongeza uzito usiohitajika. Kwenye pampu ndogo ya sahani ya mshazari, oili nzito kupita kiasi haifiki upesi kwenye beringi asubuhi mashine inapowashwa, na nguvu ya injini inayopaswa kusukuma maji inatumika kuikoroga oili.

Oili ya gia, kama 80W-90, ina mahali pake halali kwenye mashine kubwa zilizo na giaboksi ya kupunguza mzunguko kati ya injini na pampu. Hapo ina chumba chake na nati zake, na mara nyingi watu husahau kabisa kwamba chumba hicho kipo. Ndani ya pampu yenyewe isitiwe bila maelekezo, kwa kuwa aina ya GL-5 ina dawa za salfa zinazoweza kula vyuma vya shaba nyekundu na shaba nyeupe, ambavyo baadhi ya pampu hutumia kwenye konrodi na bushi.

Mafuta ya breki hayana mjadala: huvimbisha na kuharibu sili za mpira zilizokusudiwa kukaa kwenye oili ya madini. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari hubeba masizi na chembe za chuma ambazo pampu haina filta ya kuzinasa. Na kwa kuwa tuko kwenye ukanda wa alizeti, kati ya Dodoma na Singida, nilitaje na hili: mafuta ya alizeti, hata yale safi yaliyokamuliwa jana, hayafai kwenye pampu. Yakikaa kwenye joto na hewa huanza kukauka na kunata, yakaacha gundi ya rangi ya kahawia ambayo haitoki kwa kumwaga tu. Ni chakula, yabaki jikoni.

Kwenye injini

Upande huu ni mwepesi zaidi, kwa sababu hapa dawa za kusafisha zinatakiwa. Honda hupendekeza 10W-30 kwa matumizi ya kawaida ya injini za GX, yenye daraja la ubora la API (taasisi ya petroli ya Marekani) la SJ au la baadaye zaidi. Briggs & Stratton, watengenezaji wengine wa injini ndogo, wao huweka SAE 30 mbele kwa mazingira ya joto, na huonya kwamba 10W-30 ikitumika kwenye joto la zaidi ya nyuzi 27 injini inaweza kula oili zaidi, kwa hiyo ikaguliwe mara kwa mara. Mchana wa Dodoma huvuka nyuzi 27 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mashine ya kuoshea magari haipumziki kivulini saa saba mchana. Kwa hiyo, kati ya hizo mbili, naichagua SAE 30 yenye dawa za kusafisha kwa injini inayofanya kazi ya biashara, na 10W-30 kwa injini inayotumika nyumbani asubuhi ya Jumamosi.

15W-40 je? Kwa injini iliyochakaa kidogo, inayotoa moshi wa buluu na kushuka oili, ni chaguo linalokubalika hapa kwetu, na huweza kupunguza ulaji wa oili. Kwa injini mpya haina faida. Oili ya sintetiki huvumilia joto kuliko zote, lakini injini inayomwagwa oili kila baada ya saa 100 haiishi nayo muda wa kutosha kuirudishia gharama. Fedha hiyo ni afadhali itumike kumwaga oili ya kawaida kwa wakati.

Kilicho muhimu kuliko daraja ni ujazo. Sehemu za kuoshea magari hujengwa kwa mteremko ili maji yatiririke, na mashine huwekwa papo hapo. Mashine iliyoinama hudanganya. Ipelekwe mahali tambarare, injini iwe imezimwa, vumbi lifutwe kwanza kuzunguka kifuniko, kisha kijiti cha kupimia kifutwe na kuingizwa bila kukazwa, kwa maana kwenye GX usomaji sahihi ni wa kijiti kilichoegemea tu mdomoni, kikikazwa kitaonyesha oili nyingi kuliko iliyopo. Baadhi ya injini hizo zina kifaa kinachozima mashine oili ikipungua, na wapo mafundi wanaochomoa waya wake ili mashine isiwe "inazima zima". Ni kitendo cha kukatalia mlangoni. Injini inayojizima inadai oili.

Saa, wala si miezi

Vitabu vingi hutaja muda kwa namna mbili, saa za kazi au miezi, na mtu huchukua ile inayompendeza. Kwa GX160, oili ya kwanza humwagwa baada ya saa 20 au mwezi mmoja, kisha kila baada ya saa 100 au miezi 6, lolote litakalotangulia. Kwa pampu za krenki, maelekezo ya kawaida ya watengenezaji ni kumwaga ya kwanza baada ya saa 50, kisha kila baada ya saa 500 au miezi 3.

Sasa tuchukue mashine inayonguruma saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Hiyo ni saa 48 kwa wiki. Oili ya kwanza ya injini inapaswa kumwagwa siku ya tatu tu. Ile ya pampu, wiki ya kwanza inapoisha. Baada ya hapo injini inadai oili mpya kila baada ya wiki mbili hivi, na pampu kila baada ya wiki kumi. Mashine ikinguruma nusu ya muda huo, muda wa kungoja wa injini unaongezeka mara mbili, na wa pampu unaishia kwenye ile miezi 3, lakini bado miezi 6 iko mbali sana na ukweli wa biashara hii. Daftari dogo linaloandikwa saa za kazi kila jioni latosha, na nadhani kila mwenye mashine anayemwachia kijana kazi angepaswa kuwa nalo.

Ratiba hiyo hiyo ndiyo inayoamua hesabu ya gharama. Pampu inatumia chini ya nusu lita kwa wiki kumi. Hata oili sahihi ikiwa na bei mara mbili ya ile ya kumalizia kopo, tofauti hiyo kwa wiki moja ni ndogo kuliko malipo ya kuosha gari moja, ilhali beringi na krenki za pampu zikishapata kutu, bei ya spea mara nyingi humfanya mtu anunue pampu nzima.

Maji yetu, vumbi letu, na dukani

Dodoma hutegemea sana maji ya visima, yakiwemo yale ya bonde la Makutupora, na maji ya chini ya ardhi katika kanda hii mara nyingi ni magumu na yana chumvi. Ukoga wake hujijenga kwenye valvu na kwenye plunja, ukakwaruza sili. Hii ina maana kwamba pampu ya Dodoma ina sababu zaidi ya kupitisha maji kuingia kwenye oili, na hivyo kuchagua oili inayoachana na maji ni hoja yenye nguvu zaidi hapa kuliko mahali penye maji laini. Oili ikishageuka nyeupe, kubadilisha oili peke yake hakuponyi kitu: sili zibadilishwe, chumba kisuuzwe kwa oili kidogo ya aina ile ile, imwagwe, ndipo itiwe mpya.

Vumbi la kiangazi linadai tahadhari ndogo ila ya kila mara. Kioo cha kuangalia oili ya pampu hufunikwa na tope lililokauka, na watu wakakisahau. Kikifutwa, oili inapaswa kuonekana katikati ya kioo, mashine ikiwa imetulia. Ikizidi hapo, hutoa povu na kutokea kwenye tundu la kupumulia, kisha mtu akadhani sili imekufa.

Kuhusu ununuzi, napendelea kopo lililofungwa kiwandani na lenye alama ya TBS kuliko oili ya kupima inayomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Sidai kwamba kila anayepima ni mdanganyifu. Ila oili ya kupima haina kibandiko, na chaguo lote tulilolijadili hapa linasimama juu ya yale yaliyoandikwa kwenye kibandiko: namba, kipimo, na kuwepo au kutokuwepo kwa dawa za kusafisha. Ikilazimu kununua ya kupima, mnunuzi aone imiminwe kutoka kwenye ndoo yenye maandishi, na chupa yake iwe kavu kabisa ndani. Oili iliyomwagwa isitupwe mtaroni wala ardhini, kwa kuwa visima tunavyonywea viko chini ya ardhi hiyo hiyo.

Anayehama kutoka oili ya injini kwenda haidroliki 68 au ISO 100 asichanganye. Aiwashe mashine na kuiendesha na maji kwa dakika chache ili oili ya zamani ipate joto na kutiririka vizuri, aizime, afungue nati ya chini na kuacha itone mpaka ikome, atie mpya mpaka katikati ya kioo, kisha aimwage tena baada ya saa chache za kazi ili itoke na mabaki ya dawa za kusafisha. Na kama pampu ni mpya kutoka kwenye boksi, atazame kifuniko cha juu: nyingi husafirishwa na kizibo kisicho na tundu, ambacho lazima kitolewe na kuwekewa kile chenye tundu la kupumulia kabla ya kuwasha, la sivyo joto litajenga msukumo ndani na kuisukuma oili, hata ile iliyochaguliwa vizuri kuliko zote, itokee kwenye sili.